Barua ya wazi kwa Spika Wetang'ula: Vita vya Somalia ni vya nani?

Kwa Mheshimiwa Moses Wetang'ula,
Spika wa Bunge la Taifa,
Majengo ya Bunge, Nairobi.

Mheshimiwa Spika,

Salamu kutoka Lamu. Ningeweza kumwandikia Rais au Waziri wa Ulinzi, lakini nimekuchagua wewe kwa kuwa katika jambo hili umepata kukaa kila upande. Oktoba 16, 2011, wanajeshi wetu walipovuka mpaka kuingia Somalia, ulikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, na siku mbili baadaye ulikuwa Mogadishu pamoja na marehemu Yusuf Haji, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi. Julai 7, 2014, muungano wa upinzani wa CORD ulipowaita watu Uhuru Park siku ya Saba Saba na kudai wanajeshi hao warudishwe nyumbani, ulikuwa mmoja wa vinara wake watatu. Na tangu Septemba 2022 wewe ndiye Spika. Kwa hiyo swali langu hili huwezi kuniambia nimpelekee mwingine.

Sisi wa Lamu tulitajwa sana mwanzoni. Septemba 2011 Mwingereza mmoja aliuawa kule Kiwayu na mkewe akachukuliwa kwa boti. Oktoba ilipoingia, mama wa Kifaransa aliyekuwa akiishi Manda, mgonjwa wa kiti cha magurudumu, akatekwa usiku, akafia mikononi mwa waliomteka. Siku chache baadaye wakatekwa wafanyakazi wawili wa misaada katika kambi ya Dadaab. Tukaambiwa jeshi linakwenda kuwafuata watekaji na kuilinda nchi, ndiyo maana operesheni ikaitwa Linda Nchi. Wengi wetu hapa tuliunga mkono. Nami niliunga mkono, kwa moyo mmoja.

Baadaye kidogo msemaji wa serikali wakati huo, Alfred Mutua, akawaeleza wanahabari wa nje kwamba mpango wa kuingia Somalia ulikuwa jikoni muda mrefu kabla ya utekaji, na utekaji ulikuwa nafasi tu ya kuanzia. Mheshimiwa, kauli hiyo ilituuma. Ikiwa mpango ulikuwepo, nani aliupika? Uliletwa mezani lini? Na kwa nini msiba wa visiwa vyetu ndio uliotumika kuufunulia pazia?

Meza ile ilikuwa moja. Ilikuwa serikali ya mseto, ile ya nusu mkate. Mwai Kibaki alikuwa Rais na Amiri Jeshi Mkuu. Raila Odinga alikuwa Waziri Mkuu, na Novemba mwaka ule alikwenda Israel kuomba msaada wa kupambana na Al-Shabaab, wapiganaji wa Somalia. Kalonzo Musyoka alikuwa Makamu wa Rais. Uhuru Kenyatta alikuwa Naibu Waziri Mkuu na ndiye aliyeshika mfuko wa Hazina. George Saitoti wa Usalama wa Ndani alitangaza vita vile akiwa na Haji. Mkate waliukata nusu kwa nusu, lakini uamuzi huu waliutoa pamoja, na sikumbuki waziri hata mmoja aliyejiuzulu kwa kuupinga.

Kisha ukaja uchaguzi wa 2013, meza ikavunjika, na lawama zikaanza. Duka kubwa la Westgate jijini Nairobi, Septemba mwaka huo, watu 67 waliuawa na Al-Shabaab. Basi na machimbo ya mawe ya Mandera mwishoni mwa 2014. Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2, 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi waliokurupushwa usingizini alfajiri. Kila tulipozika, CORD ilisema serikali mpya ya Jubilee imeshindwa kuwatoa wanajeshi wakati kazi yao imekwisha. Jubilee ikajibu kwamba aliyewapeleka ni Raila na wenzake. Nilizisikiliza pande zote mbili na kila mmoja alikuwa na kipande cha ukweli. Kweli Jubilee ilirithi vita, na kweli pia ilivishikilia bila kutuambia vitakwisha vipi. Kweli CORD ilitaka vikome, na kweli vinara wake walikuwemo vilipoanza. Lakini mwananchi hakuwahi kupewa ukweli mzima. Alipewa kipande cha kumpigia mwenziwe.

Hapa kwetu kipande hicho kilikata hadi mfupani. Usiku wa Juni 15, 2014, watu wa Mpeketoni walikuwa wakitazama Kombe la Dunia walipovamiwa. Katika siku mbili, pale mjini na vijiji vya jirani, zaidi ya watu 60 waliuawa. Al-Shabaab wakasema ni wao, na ni kwa sababu ya Somalia. Rais Kenyatta akalitangazia taifa kwamba si wao, ni mitandao ya kisiasa ya humu humu. Gavana wetu akakamatwa, kisha kesi ikaporomoka. Upinzani ukakanusha, serikali ikasisitiza, na Nairobi wakaendelea na mikutano yao. Sisi tukabaki na jirani kumtazama jirani kwa shaka, mkulima aliyekuja kutoka bara na Mbajuni aliyezaliwa hapa, kila mmoja akijiuliza kama mwenzake alijua. Maneno yale yalitamkwa kwa siku moja. Shaka ilikaa miaka.

Jambo moja tu halikuzozaniwa kwa dhati: hesabu ya askari waliokufa. Kambi yetu ya El Adde, kule Somalia, ilivamiwa Januari 15, 2016. Wanahabari wa nje walihesabu zaidi ya wanajeshi 140 waliouawa. Serikali yetu haikutoa idadi, na mwanahabari mmoja alikamatwa kwa kuandika mtandaoni juu ya vifo vile. Upinzani ulipiga kelele wiki chache, ukanyamaza. Sijapata kuelewa Bunge lenye kamati ya ulinzi lilikubalije jambo hilo lipite.

Kifungu cha 240 cha Katiba ya 2010 kinasema jeshi litapelekwa nje ya nchi kwa idhini ya Bunge. Katiba hiyo ilikuwa na mwaka mmoja na ushei tu jeshi lilipovuka, na lilivuka kabla wabunge hawajaulizwa. Wewe ni wakili, Mheshimiwa. Ulikuwa Barazani. Je, kuna aliyekitaja kifungu hicho siku ile?

Leo hakuna anayelaumiana, na hilo ndilo lililonisukuma kuandika. Tangu 2024 watu wa ODM, chama cha Raila, wamo serikalini pamoja na UDA, chama cha Rais Ruto, na chama chako cha Ford Kenya kimo vilevile. Wanajeshi wetu bado wako Somalia, tangu Januari 2025 chini ya jina jipya la kikosi cha Umoja wa Afrika, AUSSOM, baada ya AMISOM na ATMIS. Meza imeunganishwa tena, basi swali limeondolewa mezani bila kujibiwa.

Naomba uunde kamati teule ya Bunge kuhusu vita hivi, ikae hadharani, ianze na kumbukumbu za Baraza la Mawaziri za 2011, na itoe idadi ya waliokufa na waliobaki vilema. Kibaki hayupo. Saitoti, Haji na Raila hawapo. Kalonzo na Uhuru wapo. Wewe upo. Siku ya kwanza ya kamati hiyo mwachie Naibu wako kiti, uje wewe mwenyewe uwe shahidi wa kwanza kula kiapo.

Wako kwa heshima,
Mkazi wa Lamu