Valvu ya kukunja ilibuniwa kwa moyo wa mzee, wagonjwa wetu ni vijana

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya ukurasa wa afya kuhusu valvu bandia za moyo, yaani vijilango vya kupitisha damu upande mmoja, zinazokunjwa na kupitishwa kwenye mshipa wa paja niliisoma kwa furaha hadi aya ya mwisho, pale mwandishi alipohitimisha kwamba kufunguliwa kifua sasa kunabaki historia. Historia ya nani? Labda ya mstaafu wa Copenhagen au Houston mwenye miaka 82. Si ya binti wa Muleba anayepanda basi la alfajiri kwenda Mwanza kupimwa moyo. Naomba nafasi nieleze kwa nini, maana jambo lenyewe ni la uhandisi kabla halijawa la udaktari, na uhandisi ndio uliokosekana kwenye makala ile.

Mimi ni fundi mstaafu wa vifaa tiba. Maisha yangu ya kazi yameishia kwenye mashine za eksirei, za eko (zinazopiga picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) na za kufuatilia mapigo, mpaka macho yakaanza kugombana na skrubu ndogo. Sitibu mtu. Lakini chuma kikiingia mwilini, nacho kina kanuni zake, na hizo ninazijua kidogo.

Mwandishi wenu ameifananisha valvu hii na mwamvuli. Kwa kuanzia si vibaya, ila mwamvuli uliokunjwa ovyo hupata kikunyanzi, basi. Kitambaa cha valvu hii ni utando wa mfuko unaofunika moyo wa ng'ombe au wa nguruwe, uliolowekwa kwenye dawa ya glutaraldehaidi ili mwili wa mgonjwa usiukatae. Hukatwa vipande vitatu, vikashonwa kwa mkono chini ya darubini kwenye wavu wa chuma. Ukiubana wavu huo kupita kiasi, nyuzi za ule utando huumia, na majeraha yake huonekana baada ya miaka, mgonjwa akiwa ameshasahau jina la daktari. Kwa hiyo mbunifu anavutwa huku na huku. Anataka wavu mwembamba upite kwenye mshipa, anataka utando mnene udumu, na nafasi ni ile ile moja. Bomba la kupitishia valvu lililotumika mwaka 2002 lilikuwa na upana wa milimita 8. Leo yapo ya chini kidogo ya milimita 5. Hizo milimita tatu zimegharimu miaka mingi ya kazi ya watu wenye akili sana.

Wazo lenyewe lilianza kwa njia ambayo fundi yeyote ataipenda. Mwaka 1989 daktari kijana wa Denmark, Henning Rud Andersen, alihudhuria mhadhara wa Julio Palmaz huko Arizona, kuhusu vijineti vya chuma vya kutanulia mishipa, yaani stenti. Akajiuliza: mbona ndani ya stenti kubwa isiwekwe valvu? Aliporudi kwao Aarhus, Denmark, alinunua mioyo ya nguruwe buchani, akakunja waya wa chuma kwa mikono yake, akashonea valvu ya nguruwe ndani yake, na Mei mosi mwaka ule ule akaipandikiza kwa nguruwe aliye hai, akiitanua kwa puto. Majarida ya kitabibu yalimkatalia andiko lake, likaja kutoka mwaka 1992. Kampuni nazo hazikuwa na haraka.

Aliyeifikisha kwa binadamu ni Mfaransa Alain Cribier, mjini Rouen, tarehe 16 Aprili 2002. Mgonjwa alikuwa mwanaume wa miaka 57, moyo umekwisha nguvu, madaktari wa upasuaji wameshamkataa. Valvu ikafanya kazi, akaishi miezi minne. Lakini mimi naona kazi kubwa ya Cribier ni ile ya miaka ya tisini, ambayo haisimuliwi sana. Alichukua mioyo ya watu waliofariki na valvu ya aota (ile ya kwenye mlango wa mshipa mkuu utokao moyoni) iliyoganda chokaa, akaingiza wavu wa chuma na kuutanua ndani yake, kisha akajaribu kuuvuta utoke. Haukutoka kirahisi. Chokaa iliung'ang'ania. Akapima pia urefu: wavu usizidi milimita kumi na kitu, la sivyo juu utaziba midomo ya mishipa inayolisha moyo wenyewe, na chini utagusa nyaya za asili zinazopeleka umeme wa mapigo. Mpaka leo mgonjwa ambaye nyaya hizo zimebanwa huishia kuwekewa betri ya moyo.

Narudia hiyo habari ya chokaa kwa sababu hoja yangu yote imekaa hapo.

Miaka kadhaa kabla sijastaafu nilikwenda kwenye maonyesho ya vifaa tiba Nairobi. Kijana mmoja muuzaji alikuwa na wavu wa nitinoli juu ya meza, aloi ya nikeli na titani, bila utando, wa maonyesho tu. Pembeni ana bakuli la maji ya barafu na kikombe cha maji ya uvuguvugu. Akautumbukiza kwenye barafu, ukalegea, akauminya kwa vidole ukabaki umeminyika kama alivyotaka. Akautia kwenye maji ya uvuguvugu, ukafunguka wenyewe papo hapo na kurudia umbo lake. "Mzee, jaribu na wewe." Kwenye barafu vidole vyangu viliingia ganzi kabla chuma hakijagoma. Kisha nikauchovya kwenye kikombe huku nimeufumbata, nikausikia unanisukuma vidole kutoka ndani, taratibu, bila kurudi nyuma. Nimeshika vyuma vingi, lakini hicho kilinifanya nicheke kwa sauti mbele za watu. (Aina nyingine ni ya kobalti na kromiamu, ambayo haijifungui, hutanuliwa kwa puto na hubaki ilipoachwa.)

Nikamuuliza: wagonjwa wetu wa baridi yabisi, homa ya utotoni inayoharibu valvu za moyo, je? Yule kijana alikuwa mkweli, nampa heshima yake. Akasema, "Hiyo inataka valvu yenye chokaa, mzee. Ikiwa laini haina pa kushika."

Ndivyo ilivyo. Mzee wa Ulaya valvu yake ya aota imekakamaa kwa chokaa ya uzeeni. Wavu ukitanuka unaisukuma ile chokaa pembeni na kuifanya ukuta wa kujishikiza. Utafiti mkubwa wa mwaka 2010, uliotazama watu wasioweza kupasuliwa, ulikuwa na wagonjwa wa wastani wa miaka 83. Waliobaki na tiba ya kawaida, nusu yao walikufa ndani ya mwaka. Waliowekewa valvu ya kukunja walikufa asilimia 31. Ni ushindi wa haki kabisa, siupunguzi.

Wetu ni ugonjwa mwingine, hiyo baridi yabisi. Mtoto anaumwa koo kwa bakteria, hatibiwi vizuri, viungo vinavimba na kuhama, mwili unaanza kushambulia valvu zake wenyewe. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alianza hivyo. Mafindofindo ya shule ya msingi yaliyotibiwa kwa maji ya chumvi, halafu magoti, halafu miaka ya ukimya, halafu akawa hawezi kupanda kilima cha kwenda kisimani bila kukaa njiani. Valvu iliyoharibika ilikuwa ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, kama kwa wagonjwa wengi wa aina hii. Kingo zake zilikuwa nene na zimegandana, lakini chokaa kidogo sana.

Hapo mbunifu wa valvu ya kukunja anaanza upya karibu kila kitu. Valvu ya aota ni duara. Ya mitrali imekaa kama herufi D, ni kubwa zaidi, na hubadilika umbo kila pigo. Ukiweka humo wavu mrefu, unaweza kuisukuma kingo ya mbele ikaziba njia ya damu kuelekea kwenye aota, ukawa umefungua mlango mmoja na kufunga mwingine. Na hakuna chokaa ya kuushikilia. Ndiyo maana kwa mitrali iliyogandana, dawa ya kwanza yenye maana bado ni puto la Mjapani Kanji Inoue, la miaka ya themanini. Linapasua pale palipogandana, haliachi chuma chochote ndani. Kwa mpwa wangu hata puto halikufaa, valvu ilikuwa imeharibika mno. Alifunguliwa kifua akawekewa valvu ya chuma. Leo anaishi, analima, anaimba kwaya, na anameza wafarini kila siku ili damu isigande kwenye chuma hicho. Dozi inataka kipimo cha damu cha mara kwa mara, na kipimo hakipo kijijini. Alipoolewa, swali la kwanza la daktari lilikuwa la mimba, maana dawa hiyo humdhuru mtoto tumboni.

Mtu atasema: basi apewe ile ya utando, haitaki wafarini ya maisha yote. Tupige hesabu. Moyo hupiga kama mara 100,000 kwa siku, karibu milioni 37 kwa mwaka. Valvu ya utando, kwa kiwango cha kimataifa, hufunguliwa na kufungwa maabara mara milioni 200 kabla ya kuruhusiwa, sawa na miaka mitano na ushee. Binti wa miaka 14 akitaka kufika 60 anahitaji mapigo bilioni 1.7. Isitoshe, utando wa mnyama hushikwa na chokaa mapema zaidi ndani ya mwili wa kijana kuliko wa mzee. Kwa hiyo kinachotakiwa kwetu ni utando wa aina nyingine, pengine wa polima, yaani aina ya plastiki, juu ya wavu unaojishikiza bila chokaa, kwa bei ambayo si dola 30,000 kama wanavyolipa Marekani kwa valvu moja.

Na wapo wanaohangaika na hilo, tena Afrika. Peter Zilla na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cape Town, mji ule ule wa Afrika Kusini ambako daktari Christiaan Barnard alimpandikiza binadamu moyo wa mwenzake kwa mara ya kwanza mwaka 1967, wana kampuni iitwayo Strait Access Technologies iliyoanza na swali la baridi yabisi tangu mwanzo. Kwa kawaida puto linapotanuka huziba damu yote, hivyo moyo hulazimishwa kupiga mara 180 au 200 kwa dakika ili usisukume kitu wakati huo. Inataka chumba chenye mitambo mizito na timu kamili. Wao wamebuni puto lenye uwazi katikati, damu inaendelea kupita wakati wa kutanua, lenye mikono inayotafuta mahali pake yenyewe. Mtu aliyewahi kushuhudia mtambo wa picha wa hospitali nzima umesimama miezi kadhaa kwa kukosa kipuri cha mfukoni, kama nilivyoshuhudia mimi, anaelewa mara moja kwa nini mbunifu ahangaike kupunguza mitambo.

India walishatuonyesha njia zamani. Taasisi ya Sree Chitra ya Thiruvananthapuram, chini ya daktari wa upasuaji M. S. Valiathan, ilitengeneza valvu yake ya chuma na plastiki ngumu. Matoleo ya awali yaliwashinda moja baada ya jingine. Lililofaulu liliwekwa kwa mgonjwa Desemba 1990, na tangu hapo watu zaidi ya 100,000 wamewekewa kwa bei nafuu. Leo kiwanda cha jimbo lao la Gujarat kinauza hata valvu ya kukunja ya kwao.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba mwandishi wenu akirudi kuandika kuhusu valvu hizi aulize umri wa mgonjwa, aulize ni valvu ipi, na kama ilikuwa na chokaa. Na katika ukurasa huo huo aandike kuhusu sindano ya penisilini ya kila wiki tatu au nne, ambayo kwa mtoto aliyekwisha kupata homa ya baridi yabisi huzuia isirudi, na ambayo zahanati nyingine huishiwa.

Kwa vijana wa uhandisi wa vifaa tiba wa DIT na MUHAS, vyuo vya Dar es Salaam, wanaotafuta mradi wa mwaka wa mwisho: mashine ndogo ya kufungua na kufunga valvu ndani ya maji ya chumvi ya nyuzi joto 37, yenye kihesabu cha mapigo, inaweza kutengenezwa hapa hapa. Mota ya waipa ya lori inatosha kuanzia, ugumu ni kuzuia maji yasivuje kwenye shafti. Ninazo mota mbili na mashine ya kereza inayofanya kazi. Mhariri ana namba yangu. Waje asubuhi, mchana umeme wa mtaa wetu si wa kutegemea.

Fundi mstaafu wa vifaa tiba,
Mwanza