Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa R Leporis

Ndugu wanachama,

Kazi kubwa ya chama mwaka huu ilikuwa nyota moja, R Leporis, iliyo katika kundinyota la Sungura, chini ya miguu ya Jabari (Orion). Ya ada na vifaa atayasoma mweka hazina. Mimi naeleza nyota yenyewe, na kwa nini makadirio ya mwangaza wake ya watu wawili usiku mmoja yaliweza kupishana sana.

John Russell Hind aliitambua akiwa London mwaka 1845, akaifananisha na tone la damu. Uso wake ni wa baridi kwa nyota, chini ya nyuzi 3,000 za Kelvini, lakini ubaridi peke yake hauleti wekundu ule. Nyota nyingi zina oksijeni nyingi kuliko kaboni. Hii ni kinyume. Ndani ya jitu hili jekundu, yaani nyota iliyovimba, heliamu huwaka kwa vishindo vya vipindi, viini vitatu vya heliamu vikizaa kimoja cha kaboni, kisha mchemko huipandisha kaboni hiyo juu. Oksijeni karibu yote hunaswa na kaboni kuwa monoksidi ya kaboni. Kaboni inayobaki huunda molekuli zinazomeza mwanga wa buluu, na mbali kidogo na uso huganda kuwa masizi. Fikirieni taa ya chemli yenye utambi mbaya: moto upo, kioo kimefukiwa na moshi.

Jitu hilo hutanuka na kunywea kila siku 430 hivi. Kileleni huweza kufika magnitudo 5.5 (kipimo cha mwangaza, namba ikiwa ndogo nyota ni angavu zaidi), na likififia hushuka hata 11.7, hapo ndipo wekundu hukolea. Mizunguko mingi haifiki mipaka hiyo. Na kwa kuwa kipindi kinazidi mwaka kwa siku 65 hivi, kilele husogea miezi miwili kila mzunguko, hadi kuna kinachoangukia Juni, jua likiwa upande uleule wa anga. Kilele hicho hatukipati. Tafadhali msikichore kwenye grafu kwa kuunganisha nukta.

Kuipata si kazi. Pigeni mstari kutoka Arneb kupitia Mu Leporis, nyota mbili za Sungura, uendelezeni nyuzi tatu na nusu za anga. Kwa darubini ya mkono ya 7x50, Mu ikiwa ukingoni mwa duara, R inakuwa karibu na katikati. Kwetu hupita karibu na utosi, kwa hiyo laleni mkekani. Anayetazama amesimama, mikono hutetemeka na shingo humharakisha. Ikififia kupita magnitudo 9, chukueni darubini ya milimita 100 au zaidi.

Kosa kubwa ni kuikodolea macho. Nyota nyekundu ikitazamwa kwa muda huonekana kama inazidi kung'aa, na mbalamwezi huongeza udanganyifu. Legezeni fokasi kidogo hadi nyota ziwe vidoa, tupeni jicho mara moja, ondoeni, rudieni. Tuseme iko kati ya nyota za mfano, ambazo mwangaza wake unajulikana, za 6.8 na 7.4, theluthi moja ya njia kutoka ile angavu: andikeni 7.0. Kwenye ramani ya nyota nukta ya desimali huachwa, isidhaniwe nyota. 68 ni 6.8. Wenye kamera watumie chaneli ya kijani peke yake, maana bila kichujio nyota hii hutoka angavu kupita kiasi.

Kosa la pili ni letu wenyewe, Waswahili. Mtu anaandika "saa 3 usiku", mwingine anaingiza 3:00, wa tatu 21:00. Sahihi ni 18:00 kwa saa za dunia (UTC), zilizo nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Saa 8 usiku ya tarehe 15 ni 23:00 ya tarehe 14. Kwa R Leporis kosa la saa chache si kitu, lakini mkiwa na mazoea hayo mtaharibu makadirio ya nyota Algol, ambayo hufifia na kurudi ndani ya saa kumi tu.

Msimu ujao tunaongeza nyota R Sculptoris, ambayo mwaka 2012 darubini za redio za ALMA huko Chile zilionyesha gesi yake imejizungusha kama konokono. Makadirio ni mawili kwa mwezi, yasizidi. Ukiangalia kila usiku unaanza kukumbuka namba ya jana badala ya kuitazama nyota. Fomu mpya ina safu ya "mwezi/mawingu". Isiachwe wazi, hasa wakati wa masika.