Mbwa wa getini anafundishika bila fimbo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye nyumba wa Moshi, hasa wa Shanty Town, Soweto na Rau, ambako geti baada ya geti lina kibao cha "Mbwa Mkali". Mimi ni mlinzi wa usiku. Nimelinda nyumba kadhaa mjini hapa, na kote nimelinda pamoja na mbwa. Siku hizi naona vijana wanapita wakijiita wafundishaji wa mbwa, mkononi fimbo na mnyororo wa kukaba shingo, na watu wanawalipa. Nawasihi msiwalipe.

Kwenye nyumba moja niliyowahi kulinda aliitwa fundi wa namna hiyo. Mbwa alikuwa dume kijana, anashinda bandani mchana kutwa, anafunguliwa usiku. Kosa lake lilikuwa kunguruma mtu akisogelea bakuli lake. Fundi akasema lazima mbwa amjue bosi wake. Kila aliponguruma, alimkaba na kumchapa puani. Mbwa akanyamaza kweli, mwenye nyumba akafurahi. Lakini ukimtazama vizuri ulimwona amelaza masikio, mkia ameufyata, analamba midomo wakati hakuna chakula, weupe wa macho umetokeza. Hofu yake ilikuwa palepale, ila sasa haina sauti. Mtoto wa dada wa kazi alipopita karibu na bakuli aling'atwa mkono bila onyo lolote. Tulimwosha kidonda kwa sabuni na maji ya bomba kwa dakika 15, akapelekwa kuchomwa sindano za kuzuia kichaa cha mbwa, na nashukuru alipona. Mbwa aliuawa. Iliniuma sana, na bado inaniuma, kwa sababu yule mbwa alikuwa akiwaambia watu mapema kabisa kwamba anaogopa, akachapwa kwa kusema hivyo.

Hiyo habari ya mbwa kumjua bosi ilitokana na watu waliowachunguza mbwa mwitu wa nchi za baridi waliofungiwa pamoja bila kuwa ndugu. David Mech, mtafiti wa Marekani ambaye mwenyewe aliwahi kuieneza, alieleza mwaka 1999 kwamba porini kundi la mbwa mwitu kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Hakuna vita ya ubosi pale, kuna wazazi wanaoongoza watoto.

Nyumba ninayolinda sasa ina jike la koko, jeusi, jina lake Popi. Alipoletwa alikuwa akisikia bodaboda imesimama getini anajirusha mpaka povu linamtoka. Nilimwomba mama mwenye nyumba aniachie nimfundishe, akakubali, akawa ananinunulia dagaa. Nilianza naye mbali na geti, kule nyuma kwenye migomba, mahali anaposikia bodaboda lakini bado anaweza kula. Hapo ndipo penye siri: mbwa akikataa hata dagaa, ujue umemsogeza karibu mno, mrudishe nyuma. Pikipiki ikilia, dagaa. Ikiondoka, dagaa zinakoma. Tukawa tunasogea kidogo kidogo, na siku akishtuka tunarudi kwenye migomba bila kumgombeza. Dagaa lazima imfikie papo hapo anapofanya jambo zuri. Ukichelewa hata kidogo, hajui amepewa kwa lipi. Sasa muuza maziwa anapofika alfajiri, Popi ananiangalia mimi kwanza.

Najua mtakachouliza: mbwa wa dagaa si atanunuliwa na mwizi kwa kipande cha nyama? Swali ni la haki, maana hapa mjini mbwa wanatupiwa nyama yenye sumu. Basi nilimfundisha Popi neno "acha". Naweka mfupa chini naufunika kwa mguu. Akiuacha na kunitazama, anapata ini la kuchemsha kutoka mkononi mwangu. Siwezi kuapa kwamba hatakula kamwe cha chini, ila mbwa anayeshindishwa njaa ili awe mkali ndiye wa kwanza kuikimbilia nyama ya mwizi. Na mbwa aliyefungwa mnyororo kutwa hubwekea kila kitu, hata majani, mpaka mlinzi anaacha kumsikiliza. Popi akibweka, mimi nainuka.

Wala hili si jambo la wazungu. Hapo Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linawafundisha panya buku kunusa mabomu kwa mlio mdogo wa kifaa na kipande cha ndizi au karanga. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa hapa Tanzania, alifichua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100 huko Kambodia, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la wanyama la Uingereza, PDSA. Hakuna fimbo inayoweza kumfundisha panya kazi ile.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008 na inakataza kumtesa mnyama. Naomba maofisa mifugo wa kata waanze kuitamka mbele ya watu, na mahali pazuri ni kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa. Siku hiyo mbwa huburutwa na watoto kwa kamba za katani, wamekabwa, wanarundikana foleni moja wakipigana, na wengine hurudi nyumbani bila kuchanjwa kwa sababu hawashikiki. Wenyeviti wa mitaa watangaze wiki kadhaa kabla, misikitini na makanisani, kwamba kila mwenye mbwa amzoeze kuvaa mkanda na kuguswa begani na mapajani, mguso mmoja dagaa moja. Foleni zipangwe mbwa wasitazamane, na anayetetemeka achanjwe pembeni, mwenye mbwa akimlisha. Ofisa mifugo wa kata yetu akihitaji mbwa wa kuwaonesha watu inavyofanyika, mama ameniruhusu nije na Popi, mradi iwe mchana, baada ya zamu yangu.

Mlinzi wa usiku,
Shanty Town, Moshi