Barua kwa mwanangu fundi: ndege ya mbao na kona ya dirisha

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Watford, Uingereza. Dada yako hajambo, watoto hawajambo, na mimi sijambo isipokuwa baridi inanionea. Nimepewa koti la shemeji yako, linanifika magotini, wajukuu wananicheka.

Wewe unayesomea ufundi wa ndege ulitaka nikuandikie kwa kirefu habari za yale makumbusho ya ndege, maana simu ilikatika ndiyo kwanza nafika kwenye gundi. Basi tafuta nafasi ukae usome taratibu. Mambo mengine humu ni ya fundi kwa fundi, mama yako atayaruka.

Yanaitwa Makumbusho ya Ndege ya de Havilland, yapo London Colney. Usiwaze jumba la vioo. Unaiacha barabara kuu ya M25, unaingia kinjia chembamba, unaikuta nyumba ya kale ya matofali mekundu iliyozungukwa na handaki la maji, Salisbury Hall, na kando yake mabanda ya ndege. Mama yake Winston Churchill aliwahi kuishi katika nyumba hiyo. Shemeji yako alinieleza hilo mara mbili kama vile ni ukoo wake, mimi macho yako kwenye mabanda.

Anayekata tiketi pale anajitolea. Anayemimina chai anajitolea. Aliyelala chali chini ya bawa na tochi mdomoni, naye vilevile. Wengi ni wazee wastaafu, na baadhi yao walianza ujana wao katika kiwanda cha ndege cha Hatfield, hapo jirani, kilichofungwa miaka ya tisini mwanzoni. Unajua kwetu anayejitolea ni nani: ni kijana aliyemaliza chuo, anafanya kazi ya mtu mzima bila mshahara, anaombea jina lake likumbukwe ajira zikitoka. Hawa hawangojei chochote. Pensheni wanayo. Wanakuja na vyakula vyao kwenye vikopo, wanavaa maovaroli, wanagombana kuhusu nani kahamisha patasi ya nani. Nilijisikia niko kwenye karakana yangu ya useremala Ngamiani, Tanga.

Sasa niingie kwenye mbao.

Oktoba 1939, vita ikiwa na mwezi mmoja tu, kampuni ya de Havilland iliwahamishia wachoraji wake katika nyumba ile, wafanye kazi mbali na mabomu. Mkuu wao alikuwa Ronald Bishop. Walichokuwa wanachora kilidharauliwa na wakubwa wengi: ndege ya kutupa mabomu, ya watu wawili tu, isiyo na bunduki ya kujikinga, na juu ya hayo ya mbao. Itajikinga kwa mbio. Mkubwa mmoja wa jeshi la anga, Wilfrid Freeman, ndiye aliyesimama nao. Hesabu yao ilikuwa nzuri: aluminiamu inagombaniwa, mafundi wa chuma wote wamebanwa na kazi, lakini maseremala wa samani wapo na mashine zao. Atakayenunua kabati wakati wa vita ni nani?

Ndege hiyo ndiyo Mosquito. Ya kwanza kabisa, namba W4050, iliruka Hatfield tarehe 25 Novemba 1940, rubani akiwa Geoffrey de Havilland, mtoto wa mwenye kampuni. Kwenye majaribio ya mwanzo wa 1941 ikagonga kama kilomita 630 kwa saa, ikaziacha ndege za kivita za Spitfire za wakati ule. Hatimaye zikatengenezwa 7,781. Na hiyo ya kwanza ipo pale bandani, yenyewe, kwenye ardhi ileile ilipoundwa. Ilitakiwa iteketezwe baada ya vita, mtu mmoja wa kampuni akawa anaihamisha na kuificha. Kisha Walter Goldsmith, mwanajeshi mstaafu aliyeinunua Salisbury Hall, akaipokea irudi nyumbani, na mwaka 1959 akaanza kupokea wageni. Kwa Uingereza hakuna makumbusho ya ndege ya zamani kuliko hayo.

Upande mmoja mbao ziko wazi, bila rangi. Niliinama pale hadi dada yako akanivuta koti. Bodi yake ni tabaka tatu: plaiwudi nyembamba ya mti wa birch nje, plaiwudi ndani, na katikati balsa, mbao nyepesi kutoka Ekwado, laini unaizamisha ukucha, inakaribia msufi wetu. Walikuwa wanaikunja juu ya kalibu, nusu ya kushoto peke yake na nusu ya kulia peke yake. Nyaya na mabomba wanavifunga zikiwa bado wazi kama maganda ya karanga, ndipo wanazigundisha pamoja. Fikiri jinsi kazi inavyorahisika: mafundi wanasimama wima kwenye mwanga, hakuna wa kutambaa ndani ya tumbo la ndege na bisibisi. Bawa ni moja kutoka ncha hadi ncha, halikatwi katikati.

Mzee aliyekuwa anafanya kazi pale aliniona ninavyopapasa ungio, akaitazama mikono yangu, akauliza kitu. Dada yako akatafsiri: "Anauliza wewe seremala?" Nikasema miaka yote. Tangu hapo tafsiri ikawa haina kazi sana. Akanionyesha kiraka cha plaiwudi alichokuwa anakiunga kwa mshazari, akapima kwa rula: mshazari una urefu wa mara kumi na mbili ya unene wa ubao. Mara kumi na mbili, mama! Sisi kwenye dari ukifanya mara sita mteja anakuona unapoteza muda. Nikamwuliza vibanio anaviacha muda gani, akanyoosha kidole kwenye kipimajoto ukutani: inategemea baridi ya banda. Jibu la fundi hilo.

Gundi ya mwanzo ilitengenezwa kwa maziwa. Kule India na Burma mwaka 1944, baadhi ya ndege hizi zilianza kuachia maungio ya mabawa, na lawama ikagawanywa kati ya joto lenye unyevu na maungio yaliyobanwa vibaya kiwandani. Wakahamia gundi ya kemikali. Ile ya maziwa kwa masika ya Tanga isingefika hata Mei.

Nyingine nizipitie mbiombio. Wajukuu walipenda Queen Bee, ndege ya mabawa mawiliwili ya miaka ya thelathini iliyorushwa kwa redio bila rubani ili wapiga mizinga wajifunzie shabaha. Wamezoea droni, hawakuamini kwamba droni ina babu wa mbao. Kuna Vampire, kuna Trident, kuna injini nyingi kuliko nilivyoweza kuzitazama. Kuna pia Dragon Rapide ikiwa mifupa, inatengenezwa. Kando yake mama mmoja mtu mzima alikuwa anashona kitambaa kwenye usukani wa mkia. Sindano yake ni ndefu kama kiganja, anaichomeka upande huu, mwenzake anaipokea upande wa pili, wanafunga fundo kwa uzi uliopakwa nta, anapima kwa kijiti, anachomeka tena. Nilisimama hadi wakamaliza ubavu mmoja. Yule mama hakuinua kichwa hata mara moja.

Rapide usiidharau kwa udogo wake. Mwaka 1946 shirika letu la East African Airways lilipoanza, ndege zake zote zilikuwa hizo, sita. Na kabla yake Wilson Airways ya Nairobi, aliyoianzisha Bi Florence Kerr Wilson mwaka 1929 kwa ndege moja ndogo ya de Havilland, Gipsy Moth, ilikuwa ikishuka pwani Mombasa, Tanga, Unguja hadi Dar es Salaam. Wazee walipokuwa wanatusimulia ndege za kitambaa, tukidhani wanatunga, walikuwa na haki yao.

Sasa nifike kwenye ile iliyonifanya nikuandikie wewe hasa, si kaka yako.

Katikati ya banda wameweka bodi ya Comet, ndege ya kwanza ya jeti ya abiria duniani. Hii iliwahi kuruka na Air France. Unaingia ndani, unakaa kwenye viti. Madirisha yake ni makubwa, ya mraba, mazuri kwa kutazamia nje. Ndiyo bodi pekee ya Comet iliyosalia na madirisha ya namna hiyo.

Tarehe 2 Mei 1952 Comet yenye usajili G-ALYP iliondoka London na abiria wa kulipa, safari ya kwanza ya jeti ya namna hiyo. Ilipitia Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone mpaka Johannesburg. Yaani jeti ya abiria ilitua kando ya Ziwa Victoria kabla haijawahi kumpeleka mtu New York. Tarehe 10 Januari 1954 ndege hiyohiyo ikapasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, watu wote 35 wakafa. Aprili nyingine ikaanguka karibu na Naples. Comet zote zikasimamishwa.

Wachunguzi walichofanya huko Farnborough wewe utakielewa kuliko mimi. Walichukua bodi nzima ya Comet nyingine, wakaizamisha kwenye tangi la maji, wakawa wanaijaza shinikizo na kulitoa, mchana na usiku, kama vile inapaa na kutua. Juni ikapasuka. Ukijumlisha safari zake za kweli na za tangini ni 3,057. Ufa ulianzia kwenye tundu la boliti, kwenye kona ya dirisha. Na vipande vilivyoopolewa baharini Elba vikaonyesha jambo lilelile, ila pale ilikuwa kona ya kidirisha cha antena juu ya paa, ambacho abiria hakioni kabisa.

Mzee wa pale (si yule wa mbao, mwingine) aliniambia niweke kidole kwenye kona ya dirisha. Nikaweka. Akasema nguvu yote ya hewa ya ndani inakimbilia hapo. Mimi nimekata madirisha maisha yangu yote, na ukiniletea mlango uliopasuka nitatazama kona kwanza, lakini mbao inakulilia kabla haijaachia. Bati jembamba lile halisemi. Ndiyo maana nimekuandikia: siku ukikabidhiwa tochi na fomu ya ukaguzi, na msimamizi anakuharakisha kwa sababu abiria wanasubiri, ile kona usiipite.

Nilichowapendea wale wazee ni kwamba hiyo Comet hawakuisukumia nyuma ya banda. Ni aibu kubwa ya kampuni waliyoitumikia, watu walikufa, nao wameiweka mahali ambapo huwezi kutoka bila kuiona, na wanakueleza bila kuzungusha maneno. Sijui ofisi ngapi kwetu zingefanya hivyo. Nyingi zingepaka rangi.

Walipojua ninatoka Tanzania wakaanza kunipa habari kama wanaolipa deni. Kwamba East African Airways iliendesha Comet 4, iliyorekebishwa, kuanzia 1960. Kwamba VC10, jeti nyingine ya abiria, ya mwisho kuundwa duniani ilikuwa yetu, usajili 5H-MOG, hiyo 5H ni ya Tanzania. Shirika lilipovunjika mwaka 1977 ikaishia kwa jeshi la anga la Uingereza, ikageuzwa kuwa ndege ya kuzijaza nyingine mafuta angani, na mwaka 2013 ikapelekwa Dunsfold, Surrey, itunzwe na watu wa Makumbusho ya Brooklands. Aliyenieleza alikunja uso kidogo, maana VC10 ni ya Vickers, wapinzani wao. Ushabiki wa Simba na Yanga upo kila mahali. Akaniambia pia kwamba hizo Q400 za Air Tanzania, mnazoziita Bombadia, asili yake ni tawi ambalo de Havilland ililifungua Kanada mwaka 1928. Kwa hiyo ukianza kazi utakuwa unazitengeneza za ukoo huohuo.

Nilitoka pale na wivu, sitakuficha. Ndege yetu inafutwa vumbi Surrey, na watu waliokuwa wanaifungua na kuifunga Embakasi, uwanja wa ndege wa Nairobi, wanakaa barazani kwetu, hakuna anayewauliza.

Kwa hiyo nina kazi yako. Yule mzee wa nyumba ya kona karibu na msikiti, unayemwamkia kila ukija likizo, alikuwa fundi wa injini East African Airways mpaka siku ya mwisho. Ukija Tanga Desemba nenda kwake asubuhi, mchana huwa analala. Mpelekee kahawa na kilo mbili za sukari. Mwombe akueleze VC10 ilikuwa inakaguliwaje, nani alikuwa anasaini, tochi ilikuwa inamulikwa wapi kwanza. Washa simu yako irekodi, lakini mwombe ruhusa kabla hujaiwasha. Ana sanduku la zana chini ya kitanda, atakuonyesha mwenyewe, usimwombe. Akikuonyesha, piga picha kila spana na uandike aliyosema juu yake.

Na ada ya muhula nimemwachia mama yako, mpigie Ijumaa. Kile kitabu cha mahesabu ulichoniagiza nimekipata dukani kwa bei ya mitumba, kimeandikwaandikwa kwa penseli pembeni, nitakuja nacho.

Baba yako.