YAH: MALALAMIKO KUHUSU PAMPU YA MAWIMBI NA KIDHIBITI CHAKE

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilinunua kwenu pampu ya mawimbi na kidhibiti chake, kifaa cha kupanga kasi na mwelekeo wa maji, kwa ajili ya tangi langu la matumbawe lenye ujazo wa lita 300. Kasoro yake ni hii: umeme ukikatika na kurudi, kidhibiti kinapoteza mpangilio wote niliouweka. Pampu inawaka kwa kasi ya juu kabisa na kusukuma maji upande mmoja mfululizo, hadi mtu aje kuipanga upya. Kijitabu chenu cha maelekezo kinasema mpangilio unahifadhiwa.

Mara ya mwisho umeme ulikatika nikiwa kazini. Nilikuta Euphyllia, moja ya aina za matumbawe yangu, iliyokuwa mkabala na pampu imechunika nyama upande mmoja, mfupa mweupe uko nje. Mchanga ulikuwa umefagiliwa mpaka kioo cha chini kikaonekana, ukaenda kuyafukia matumbawe ya jirani.

Fundi wenu alinijibu kwa simu kwamba matumbawe hupenda mkondo mkali. Yapi hayo? Tumbawe halitembei, hivyo ni kweli kwamba linategemea maji yaliletee oksijeni na chakula, na yaliondolee ute na taka. Acropora, aina nyingine ya tumbawe, huhitaji maji ya kasi, lakini yanayobadilisha mwelekeo, maana kwenye mwamba wimbi huja na kurudi. Euphyllia ina minyiri minene na laini. Inatosha iyumbe tu. Ikipigwa na mkondo ulionyooka kwa saa kadhaa, nyama huchanika kwenye kingo kali za mfupa wake. Sikununua kidhibiti kama pambo, nilikinunua kuzuia jambo hilo hilo.

Halafu kuna hizo lita 6,000 kwa saa mlizoandika kwenye boksi. Kwa tangi langu ni mzunguko wa mara 20 kwa saa, hesabu nzuri kwenye karatasi, ila haisemi maji yanapita wapi. Nyuma ya mawe uchafu unatuama vilevile, huku mbele kunavuma. Chapeni upana wa mkondo na umbali salama kati ya pampu na tumbawe. Nafasi ipo, picha ya samaki imejaza pande tatu za boksi.

Naomba mnirudishie fedha zote za pampu na kidhibiti, na mnifidie tumbawe lililoharibika. Kubadilishiwa kidhibiti cha aina ile ile sitakubali. Aidha, wajulisheni wanunuzi wengine kuhusu kasoro hii, kwa sababu wengi hawatajua mpaka umeme ukatike.

Nimeambatanisha risiti, picha, na video inayoonyesha nikichomoa waya na kuurudisha. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Zikipita, nitalifikisha suala hili kwenye mamlaka ya kulinda watumiaji.

Wenu,
Mteja