“Ananisikia, mimi simsikii”: tranki ya SIP na bei ya fundi

Wiki hii mteja mwingine, muuza vipuri Kariakoo, katuambia tumempiga bei. Hoja yake: kuunganisha tranki ya SIP, yaani laini ya simu za ofisi inayopita kwenye intaneti, ni kujaza jina la seva, yuza na paswodi, sasa laki mbili na nusu za nini?

Kujaza huko ni dakika tano kweli, hatujawahi kuficha. Laini inajisajili, unapiga, inaita. Ikishapokelewa ndipo kilio kinaanza: mteja wako anakusikia, wewe humsikii. SIP kazi yake ni kuita, kupokea na kukata, kwa kawaida kupitia poti (mlango wa mtandao) 5060. Sauti inapita njia nyingine, RTP, ambayo kwenye Asterisk, programu ya kuendesha seva ya simu za ofisi, huwekewa poti 10000 hadi 20000. Seva yako isipopangwa vizuri humwambia mtoa huduma atume sauti kwenye 192.168.1.50, anwani isiyojulikana nje ya ofisi yako. Juu ya hapo ruta nyingi zina SIP ALG, kitu kilichowekwa kusaidia simu hizi ambacho mara nyingi huvuruga. Sisi huanza kwa kukizima.

Fundi wa elfu hamsini hahangaiki na hayo. Anafungua poti zote za ruta kuelekea kwenye seva, sauti inatoka pande zote, anasifiwa, anaondoka. Lakini mtandaoni kuna programu zinazogonga 5060 usiku na mchana zikijaribu ekstensheni (namba ya ndani ya ofisi) 100 yenye paswodi 100. Kampuni moja ya mizigo iliyofanyiwa hivyo ilifungua ofisi Jumatatu ikakuta salio limekwisha: wikendi nzima laini yao ilikuwa ikipiga namba za nje za gharama kubwa, zile ambazo mwizi hupata mgawo kwa kila dakika. Mtoa huduma hakurudisha hata shilingi. Simu zimetoka kwenye laini yenu, deni lenu. Walitulipa sisi kusafisha, na wao ndio waliosema mwanzoni tuko ghali!

Kwetu 5060 hupokea anwani ya mtoa huduma peke yake, paswodi huwa ndefu za kuudhi, na simu za nje ya nchi hufungwa mpaka uziombe. Kisha tunakaa tunapiga. Simu inayokatika sekunde ya 32 ina ugonjwa wake, inayokatika dakika ya 15 ina wake, na huwezi kuugundua wa pili kama umeshaondoka dakika ya tatu. Ndiyo maana mnatuona tumeshika simu kimya, mkadhani tunapoteza muda.

Kasi ya intaneti nayo tunaipima. Kwa kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 kila simu hula karibu kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, kwa hiyo simu kumi kwa pamoja zinataka karibu megabiti moja ya kupandisha.

Ukituita, andaa paswodi ya kuingilia ndani ya ruta, si ile ya Wi-Fi. Kama huna, muulize aliyekufungia intaneti kabla hatujapanda bodaboda.