Vyanzo vya maji vya Unguja viwekewe mipaka inayoonekana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niziombe mamlaka zinazohusika, pamoja na masheha wetu, yaani viongozi wa serikali wa mitaa yetu, ziweke mipaka inayoonekana kwa macho kuzunguka vyanzo vya maji vya Unguja, hasa chemchemi za Mtoni na Bububu, kabla ardhi iliyo juu yake haijamalizika kukatwa viwanja.

Kisiwa chetu hakina ziwa kubwa la kutegemea, na mito yetu ni midogo. Baadhi yake, ikishaingia maweni, hudidimia katika mapango kabla haijafika baharini. Akiba yetu imo ardhini. Mvua za masika na vuli huchujika kwenye udongo na mawe, na maji hayo matamu, kwa kuwa ni mepesi kuliko ya bahari, hukaa juu ya maji ya chumvi yanayopenya kutoka pwani. Wataalamu wana kanuni kwamba kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na kiasi cha mita 40 nyengine chini ya usawa huo. Kwa hiyo tukiyashusha kwa mita moja, ama kwa kuyavuta kupita kiasi ama kwa kuizuia mvua isipenye, hasara yetu baada ya muda ni kubwa mno, kwa sababu chumvi nayo hupanda. Mwenye kisima karibu na pwani, ambaye chai yake huanza kuonja chumvi wakati wa kaskazi, haelezwi jambo hili akashangaa.

Chumvi si hatari pekee. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu Unguja, wakati ambapo wengi wa mjini walikunywa maji ya visima vilivyo karibu na uchafu. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeyavuta maji ya chemchemi hadi mjini, na kazi hiyo ilikuwa na maana kwa sababu huko juu yalikotoka palikuwa mashamba.

Leo hali si hiyo. Mkoa wa Mjini Magharibi ulihesabiwa watu 593,678 mwaka 2012, na mwaka 2022 wakafika 893,169. Watu hao lazima wapate pa kuishi, na simlaumu mtu aliyenunua kiwanja kwa jasho lake bila ya kuambiwa kilichomo chini yake. Lakini tazama karo, yaani shimo la maji machafu ya choo, linavyochimbwa. Fundi hushuka mpaka akutane na mchanga unaokunywa maji haraka, na akiupata yeye na mwenye nyumba hufurahi, kwani karo la namna hiyo halijai upesi na chini haliwekwi sakafu. Furaha hiyo ndiyo inayonitia hofu, kwa kuwa kinachoondoka karoni kwa haraka kinaelekea kule kule tunakovuta maji.

Msitu wa Masingini, ulio karibu na Bububu, umehifadhiwa, na manufaa yake kwa maji ni makubwa. Ninaloomba ni kwamba nje ya msitu nako zisimamishwe nguzo za zege zilizopakwa rangi, ramani ya mipaka hiyo ibandikwe katika ofisi ya kila sheha anayehusika, na sheha asishuhudie mauziano yoyote ya kiwanja kilichomo ndani ya nguzo hizo. Waliokwisha kujenga wasibomolewe kwa pupa. Wasaidiwe kujenga makaro yenye sakafu na kuta zisizovuja, na yawepo magari ya kuyanyonya kwa bei wanayoimudu. Kazi ya kusimamisha nguzo haihitaji mkopo wa nje, na inaweza kuanza kabla ya masika yajayo, ambayo kwa kawaida huingia mwezi wa Machi.

Mkaazi wa Bububu,
Wilaya ya Magharibi 'A', Unguja